Moshi ilinde njia ya angani kabla ya kumwaga zege la helikopta

Tangu helikopta iliyokuwa katika safari ya uokoaji ianguke karibu na Kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, Desemba 24, 2025, na kuua watu watano, mazungumzo ya Moshi na Arusha kuhusu chopa yamekuwa yakitazama juu tu. Watu wanauliza nani aruhusiwe kuruka mlimani, katika hali gani ya hewa, na kwa mgonjwa wa aina gani. Ni maswali ya haki, na wenye kazi ya kuyajibu ni wataalamu wa usalama wa anga. Lakini kila safari ya uokoaji ina ncha mbili, na ile ya chini, pale mgonjwa anaposhushwa mjini, haizungumzwi. Ikizungumzwa, huja kwa sura nyingine kabisa: Arusha nayo ipate kituo cha helikopta katikati ya jiji, ikiwezekana juu ya ghorofa, maana AFCON 2027 hiyo inakuja na wageni wakubwa watafika. Naona hapo tumeshika pasipo. Arusha haina haja ya kituo cha katikati ya jiji. Moshi ndiyo yenye haja, na haja yenyewe ni eneo moja la kutua, la ardhini, lenye hadhi kamili, ndani ya hospitali ya rufaa ya KCMC. Na kote kuwili, kitu cha kulindwa kwanza ni njia ya helikopta kuingia na kutoka angani. Zege humwagwa kwa wiki moja, ila njia ikishazibwa na nyumba za watu hairudi tena.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Helikopta inayotumika sana kwa kazi za milima mirefu duniani ni Airbus H125, ambayo zamani iliitwa AS350 B3. Mapanga yakizunguka, kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya mkia ina urefu wa mita 12.94. Urefu huo ndio msingi wa hesabu zote katika Kiambatisho cha 14, Juzuu ya Pili, cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Eneo ambalo helikopta huliendea wakati wa kushuka na kuliacha wakati wa kupaa linatakiwa liwe angalau mara moja na nusu ya urefu huo, yaani mita 19.4 kila upande. Kulizunguka huwekwa ukanda wa usalama wa robo ya urefu au mita 3, chochote kilicho kikubwa; kwa H125 ni mita 3.2. Ndani kabisa, sakafu ngumu inayokanyagwa na miguu ya chuma inaweza kuwa na upana wa mita 10.7 tu, na mteremko wake usizidi asilimia 2. Jumla ni mraba wa mita 26 kwa 26, haufiki hata sehemu ya kumi ya uwanja wa mpira. Hospitali yenye eneo kubwa haiwezi kukosa kipande kama hicho, na ndiyo maana watu hudhani kazi yenyewe ni ndogo.

Kazi kubwa iko nje ya mraba. Kutoka ukingo wa ukanda wa usalama huchorwa uso wa kufikirika unaopanda taratibu kwenda mbele, na hakuna nyumba, mti, mnara wala waya unaoruhusiwa kuupenya. Mwinuko wake hutegemea uwezo wa helikopta iliyokusudiwa. Ule mkali unapanda kwa asilimia 12.5, yaani mita 1 juu kwa kila mita 8 mbele, na unaendelea kwa mita 1,220. Ule wa kulala, unaohitajika kwa helikopta ya injini mbili inayotakiwa kuendelea kupaa hata injini moja ikizimika, ni asilimia 4.5 na unakwenda mita 3,386. Sasa upeleke uso huo Moshi. Kwa mwinuko wa asilimia 12.5, kitu kilicho mita 100 kutoka ukingo hakitakiwi kuzidi kimo cha mita 12.5. Mgrivilea uliopandwa pembeni ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, unaweza kufika mita 20, kwa hiyo lazima uwe mita 160 kutoka hapo au ukatwe. Kwa mwinuko wa asilimia 4.5, pale pale mita 100, kinachoruhusiwa ni mita 4.5. Nyumba ya kawaida ya chini iliyopauliwa kwa bati inaweza kuuvuka kwa kofia ya paa lake, achilia mbali tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Nguzo ya umeme ya mita 9 nayo inataka kuwa umbali wa mita 200. Na waya ni mbaya kuliko nguzo, kwa sababu rubani huiona nguzo kabla hajauona waya.

Njia yenyewe haitoshi kuwa moja. Viwango vinataka angalau mbili, zikiachana kwa digrii 135 au zaidi, ili rubani asilazimike kutua upepo ukimsukuma kutoka nyuma. Kwa mji ulio chini ya mlima jambo hili lina uzito wake. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani. Usiku na alfajiri, hewa iliyopoa hushuka kutoka mlimani kuja mjini. Uokoaji mwingi hufanyika asubuhi, kabla mawingu hayajafunika mlima. Maana yake ni kwamba helikopta inayotoka juu na mgonjwa, katika asubuhi ya upepo wa kushuka, inatakiwa ipite kiwanja, izunguke, kisha iingie kutoka upande wa kusini ikiwa imeelekeza pua mlimani. Mchana mambo hugeuka. Ukijenga kiwanja chenye njia moja tu, umejenga kiwanja cha nusu siku. Rubani anayeshuka wima kwa mwendo mdogo huku upepo ukimsukuma nyuma anaweza kujikuta anazama ndani ya hewa aliyoisukuma chini mwenyewe. Akiongeza nguvu ya injini hapo, anazama kwa kasi zaidi.

Kuna hesabu ya pili ambayo michoro ya Ulaya haitatufanyia: joto na kimo. Hewa ikipata joto hupungua uzito, na mapanga hupata kidogo cha kushika. Moshi iko kwenye kimo cha mita 850 hivi. Mchana wa Februari, nyuzi 32, helikopta huiona hewa hiyo kana kwamba iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa Arusha, Kisongo, uko mita 1,387. Kwa nyuzi 28 hewa yake ni sawa na ya mita 2,200. Hutasikia tofauti ukiwa umesimama chini, ila rubani huiona kwenye kipimo cha nguvu ya injini. Helikopta hutumia nguvu nyingi zaidi inapoelea bila kusogea, na hupata nafuu mara mbili: ikiwa karibu na ardhi, kwa kimo kisichozidi upana wa mapanga yake, mita 10.7 kwa H125, na tena inapopata mwendo wa mbele. Kiwanja kilichozungushiwa kuta na miti kinamnyima zote mbili, kwa sababu kinamlazimisha kupanda wima hadi avuke kizuizi ndipo aanze kwenda mbele. Wapo wanaojibu kwamba AS350 B3 ilitua kileleni Everest, Mei 2005, hivyo Moshi haiwezi kuisumbua. Ilitua kweli. Lakini ilikuwa imepunguzwa uzito kwa makusudi, rubani Didier Delsalle akiwa peke yake ndani, bila mgonjwa, bila daktari.

Miji mikubwa ya dunia ilishajaribu vituo vya helikopta vya katikati ya jiji, basi tutazame ilijifunza nini. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia iliaminika kwamba helikopta ingekuwa basi la angani. Shirika la Sabena la Ubelgiji lilianza safari za kimataifa za helikopta kutoka katikati ya Brussels mwaka 1953, na kufikia 1966 lilikuwa limeachana nazo. New York ilifungua kituo cha Barabara ya 30 Magharibi mwaka 1956 na kile cha chini ya Manhattan mwaka 1960, vyote ukingoni mwa maji. London ilifungua kituo cha Battersea mwaka 1959, nacho kikawekwa kando ya mto Thames. Uchaguzi huo wa maji haukuwa wa mapambo. Juu ya mto hakuna nyumba zinazoota, na injini ikizimika rubani ana mahali pa kuelekea pasipo na watu. Hadi leo helikopta za injini moja zinazopita London ya kati hufuata mto huo. Somo hilo ndilo linalotuhusu sisi ambao helikopta zetu za mlima ni za injini moja: njia ya kuingia mjini ipite juu ya nafasi wazi. Moshi ina mabonde ya Karanga na Rau na mashamba yaliyobaki. Hayana upana wa Thames, lakini ndiyo tuliyonayo, na kila mwaka yanapungua.

New York pia ilijaribu paa. Kituo cha juu ya jengo la Pan Am kilifunguliwa mwishoni mwa 1965, kikafungwa 1968, kikafunguliwa tena Februari 1977. Mei 16 mwaka huo huo, helikopta aina ya Sikorsky S-61 iliyokuwa imetua, mapanga yakizunguka na abiria wakipanda, ilivunjika mguu ikalala ubavu. Mapanga yaliua watu wanne pale juu, na kipande kilichoruka kikaanguka hadi mtaani kikamuua mpita njia. Kituo hakikufunguliwa tena. Tazama vizuri ajali hiyo: hakuna aliyekosea njia, hapakuwa na ukungu wala kuzimika kwa injini. Ni chuma cha mguu kilichochoka. Ingetokea ardhini, ndani ya eneo lililofungwa, isingemfikia mtu wa mtaa wa chini.

Wanaotetea paa husema linaokoa ardhi na liko juu ya vizuizi. Hoja ya vizuizi ina ukweli, na hospitali nyingi za miji iliyobanana duniani hazina chaguo jingine. Ila bei yake isifichwe. Paa linatakiwa libebe pigo la helikopta inayoanguka kwa kishindo, ambalo wahandisi hulihesabu kwa mara 2.5 ya uzito wake wa juu, kisha huongeza kwa kuzidisha 1.3 kwa jinsi jengo linavyoitikia. H125 yenye kilo 2,250 inageuka mzigo wa kilo 7,300 hivi, kwenye sehemu ndogo. Panatakiwa wavu wa usalama wa mita 1.5 kuzunguka ukingo, njia mbili za kutokea, lifti inayomeza machela pamoja na wahudumu, na nafasi wazi chini ya sakafu ya kutulia ili upepo unaogonga ukuta wa jengo upite bila kuiyumbisha helikopta. Kwa moto, viwango vya ICAO vilivyotumika kwa miaka mingi vilitaka lita 500 za maji ya povu kwa kiwanja cha ardhini cha helikopta fupi kuliko mita 15. Kwa cha juu ya jengo vilitaka lita 2,500. Mara tano, na sababu iko wazi: juu ya paa huwezi kusubiri gari la zimamoto. Kisha lifti hiyo iharibike, kama lifti za majengo yetu zinavyoharibika, na mgonjwa awe juu. Kwa Moshi, ambako bado kuna ardhi, kujenga juu ni kununua matatizo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: helikopta hutua popote, sasa kiwanja cha nini? Imejengeka kwa sababu ya chopa za kampeni, zinazotua viwanja vya mpira huku umati ukikimbilia vumbi. Kutua popote ni uwezo wa dharura. Ukiugeuza utaratibu wa kila siku, unaanza kuhesabu bahati. Helikopta inayoelea inasukuma hewa chini kwa nguvu sawa na uzito wake, na hewa hiyo ikigonga ardhi hutambaa pembeni kwa nguvu. Machi 4, 2022, katika hospitali ya Derriford, Plymouth, Uingereza, helikopta ya walinzi wa pwani aina ya Sikorsky S-92 ilikuwa inatua kwenye kiwanja rasmi, kilichojengwa kwa viwango. Upepo wake uliwaangusha watu waliokuwa wakipita kwenye maegesho ya magari ya jirani. Mama mmoja mzee alifariki na mwingine akaumia vibaya. S-92 ni kubwa mno kuliko H125, lakini hata kwa helikopta ndogo za wagonjwa mwongozo wa Uingereza unashauri nafasi isiyo na watu ya mita 30 hivi. Hiyo ni hospitali yenye kiwanja, alama na wafanyakazi waliofunzwa. Je, uwanja wa shule wenye vumbi la volkano, wauza maembe getini na bati moja lililolegea kwenye paa la choo? Bati hilo likiinuka likaingia kwenye panga la mkia, helikopta haina tena kinachoizuia kuzunguka. Vumbi lenyewe hula mapanga ya ndani ya injini polepole, na kwa sekunde za mwisho kabla ya kugusa ardhi humfanya rubani asione anakokanyaga.

Sasa Arusha. Wenye kutaka kituo cha jiji wana hoja mbili: biashara na mashindano. Ya biashara inasema mtalii au mjumbe wa mkutano ashuke karibu na kituo cha mikutano cha AICC badala ya kukwama kwenye foleni ya kutoka Kisongo. Lakini Kisongo ni kilomita chache tu kutoka Mnara wa Saa, na uwanja ule una lami, mafuta, zimamoto, waongozaji na anga ambayo tayari inalindwa. Unachookoa ni dakika za foleni za watu wachache. Unachotoa ni njia mbili za wazi juu ya jiji linalopanda ghorofa kila mwaka, ambalo hewa yake mchana ni nyepesi kuliko ya Moshi na ambalo asubuhi za Juni hadi Agosti hufunikwa na mawingu ya chini. Januari 16, 2013, London, helikopta ya injini mbili ikielekezwa kutua Battersea katika ukungu iligonga winchi ya ujenzi wa jengo refu Vauxhall. Rubani alikufa, na mtu mmoja aliyekuwa akitembea chini. Winchi ile ilikuwa imetangazwa kwa marubani. Katika jiji linalojengwa vizuizi husogea, na taarifa haiwezi kusogea haraka kama vyenyewe. Ama AFCON, mashindano huisha kwa mwezi. Eneo la muda la kutua, lililokaguliwa, lenye ulinzi na kibali cha siku hizo, linatosha kabisa kwa uwanja mpya wa mpira wa Olmoti.

Moshi ina sababu ambayo Arusha haina. Kutoka Barafu, mita 4,670 hivi, hadi KCMC ni kilomita 25 hivi kwa mstari wa moja kwa moja. Helikopta huzikata kwa dakika kumi na kitu, nyingi zikiwa za kushuka kimo. Mgonjwa wa uvimbe wa ubongo au maji kwenye mapafu kwa ajili ya kimo anapata dawa yake kuu, ambayo ni kushuka, ndani ya muda huo. Kwa machela ya gurudumu moja, mikononi mwa wapagazi na askari wa hifadhi, ni saa nyingi. Lakini helikopta ikitua uwanja wa ndege wa Moshi, ulio kusini-magharibi mwa mji, mgonjwa hushushwa, hufungwa upya kwenye machela nyingine, oksijeni hubadilishwa, kisha gari hupanda kuvuka mji hadi KCMC iliyo kaskazini. Sehemu hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari nzima ya angani, na kila kuhamishwa ni nafasi ya mrija kuchomoka au shingo iliyovunjika kutikiswa. Hapo ndipo eneo la kutua hospitalini linapolipa.

Pingamizi lenye uzito linahusu haki. Mama wa Same au Rombo mwenye uchungu uliokwama haji kwa helikopta. Anakuja kwa gari la mfumo wa m-mama, kwa kupiga 115, kama gari lipo. Anayeshushwa kwa chopa mara nyingi ni mgeni mwenye bima. Kwa nini hospitali inayohudumia umma itoe ardhi na walinzi kwa ajili yake? Swali hili silipuuzi, na jibu lake liwe la masharti. Eneo lijengwe na kutunzwa kwa ada ya kila mshuko, inayolipwa na mwendeshaji wa helikopta na hatimaye na bima, na ada hiyo isiguse mgonjwa wa ajali ya barabarani au mama aliyeletwa kwa agizo la serikali. Bila masharti, pingamizi linashinda. Lipo pia pingamizi la pili, la uokoaji usio wa lazima. Nepal iliunda kamati ya uchunguzi mwaka 2018 baada ya kubainika kwamba wapanda milima walikuwa wakishushwa kwa helikopta bila ugonjwa wa maana ili bima zilipe. Wengine huona kiwanja rasmi kitarahisisha biashara hiyo kwetu. Mimi naona kinyume. Kwenye kiwanja cha hospitali kila mshuko unaingia kwenye daftari: saa, jina la daktari aliyepokea, hali ya mgonjwa alipofika. Uwanja wa nyasi wa pembeni hauandiki kitu. Kelele nazo ni kweli, hasa kwa wodi ya watoto wachanga, na hakuna namna ya kuziondoa. Zinapunguzwa kwa kuchagua njia na kukataza safari zisizo za wagonjwa. Watalii wa kupiga picha waende uwanja wa ndege.

Uendeshaji wenyewe wa kila siku hauna fahari, na ndio unaoshindwa kwanza. Alama ya hospitali ni msalaba mweupe wenye H nyekundu katikati. Rangi ikipauka, kwa mvua na jua la Moshi, ipakwe tena. Mfuko wa upepo, urefu wa mita 2.4, uwe mahali ambapo jengo haliupindishii upepo. Ukichanika husema uongo, na wa namna hiyo ni bora uondolewe. Asubuhi mtu apite na fagio akiokota mawe, nailoni, glavu na vipande vya bandeji. Simu ikija kwamba helikopta iko njiani, malango mawili yafungwe, wauguzi wasimame nyuma ya mstari, shuka na blanketi zifungwe mikanda. Hakuna anayesogea hadi rubani aashirie, na anayesogea atokee mbele, upande anaoonekana, kamwe si kutoka mkiani wala kutoka upande ulioinuka, maana kwenye ardhi ya mteremko mapanga yako karibu zaidi na kichwa upande wa juu. Mafuta yasihifadhiwe pale. Tangi la H125 lina lita 540, zinatosha kwenda mlimani na kurudi uwanja wa ndege, ambako mafuta hukaguliwa maji kila asubuhi na watu wenye kazi hiyo. Usiku, kwa helikopta za injini moja chini ya mlima usio na taa, ningefunga.

Hatua ya kwanza haihitaji mkandarasi. Inahitaji mpima mwenye kifaa chake apande kwenye eneo lililochaguliwa, apime kimo cha kila paa, mti, mnara wa simu na nguzo katika pande mbili, na ramani yake iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa Manispaa ya Moshi na, pale njia inapovuka mpaka, wa halmashauri ya wilaya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, tayari huhusika na urefu wa majengo karibu na viwanja vya ndege, hivyo utaratibu wa kutoa au kukataa kibali cha kimo si mgeni. TANESCO waambiwe mapema ni wapi laini izikwe au ihamishwe, na pale isipowezekana waya uvikwe mipira ya rangi. Wenye miti ndani ya njia walipwe fidia ya kukata na ya kutopanda tena mirefu. Migomba na kahawa haina tatizo, ibaki. Afisa mipango miji anayepokea ombi la kibali cha ghorofa tatu upande huo awe na ramani hiyo mezani kabla hajagonga muhuri. Fedha ya upimaji ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye bajeti ya kawaida ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na uongozi wa hospitali ndio wenye sababu ya kwanza ya kuiomba.